Ukiingia Hame na Ditekta

Kitu cha ajabu kuliko vyote ambavyo ditekta imewahi kunionyesha huku Misima hakifiki bei ya soda moja. Ni kipande cha chuma kilichopinda kama mwezi mchanga, kimeliwa na kutu hadi kingo zake zinamong'onyoka ukikishika, na kina matundu ya misumari pande zote mbili. Mimi nilidhani ni mabaki ya plau. Fundi baiskeli wa kando ya barabara akasema ni pete ya pipa. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri kuzibiwa pancha akakichukua, akakigeuza mara mbili, akasema, "Hiki kiatu cha farasi." Tukacheka. Farasi, Handeni? Nchi hii ya mbung'o, ambayo hata punda ni wa kuhesabu?

Mzee hakucheka. Alisema baba yake alikuwa akiwasimulia habari za Makaburu waliopita na farasi, na uvundo wa mizoga uliokaa bondeni hata watu wakahamisha njia ya kisimani. Nikaenda kusoma, nikakuta mzee yuko sahihi na sisi tuliosoma ndio tuliokuwa tunacheka ovyo. Mwezi Juni 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Mwingereza chini ya Jenerali Smuts, Kaburu wa Afrika Kusini, yaliteremka kwa kufuata Mto Pangani, yakaingia Korogwe katikati ya mwezi, siku chache baadaye yakawa Handeni, na tarehe 24 yakapigana na Wajerumani kwenye Mto Lukigura, kusini ya hapa. Yalikuja na farasi na nyumbu kwa maelfu. Mbung'o akawamaliza kwa maelfu vilevile.

Naanza na kiatu hiki kwa sababu watu wanaonijia kuomba ushauri wa ditekta hawaulizi habari za viatu vya farasi. Wanauliza dhahabu ya Mjerumani imefukiwa wapi. Wengine wanakuja na picha ya jiwe lenye mstari, au mti wenye kovu, wakidai ni alama. Ditekta zimezagaa wilayani kwetu tangu habari za dhahabu ya Magambazi zivume, na vijana waliokwenda Chunya wamerudi nazo mabegani. Dhahabu ina leseni zake na ofisi yake ya madini, na sitaigusa hapa. Ninachotaka kukieleza ni namna ya kuingia hame na mashine hiyo ukatoka na kitu cha maana, bila kugombana na wenyeji, na sheria, na waliolala pale. Mwenye kutafuta sanduku la Mjerumani mahameni hutoka mikono mitupu, kwa sababu anatafuta kitu ambacho hakikuwahi kukaa pale. Waliokaa pale ni watu waliokuwa wanapika, wanasuka ukili, wanaazima chumvi. Watafute hao.

Hame si pori. Ni pahali palipowahi kuwaka moto wa jikoni. Huku kwetu, kati ya Handeni na Korogwe, nayagawa mafungu mawili, na ni lazima uyatofautishe kabla hujawasha mashine. Fungu la kwanza ni mahame ya juzi. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Watu waliokuwa wametawanyika kila mmoja na mji wake na mwembe wake wakasogezwa kwenye mistari ya kando ya barabara. Waling'oa mabati, wakabeba milango na madirisha, wakaacha kuta za udongo ziyeyuke kwa mvua. Waliokuwa watoto siku ile leo ni babu na bibi zetu, na wengi bado wanaweza kukuonyesha kwa kidole jiko lilikuwa wapi.

Fungu la pili ni mahame ya kale. Karne ya 19 Wazigua wengi waliishi ndani ya maboma ya miti kwa hofu ya watekaji wa watumwa, mji mmoja ukimzunguka mkubwa mmoja mwenye ghala na bunduki. Ndiyo maana ramani yetu imejaa majina yanayoanza na Kwa: Kwamatuku, Kwaluguru, Kwachaga. Kisha ikaja miaka ya 1890 na nzige, njaa na ndui. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu Uzigua, ameonyesha jinsi watu walivyopungua na kuhama, vichaka vikarudi, na mbung'o akafuata vichaka. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita pori la asili ni shamba la mtu aliyekufa njaa.

Mahame haya ya pili usiyachimbe. Nasema hivyo bila kuzungusha maneno. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kifaa chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na majengo, maboma na makaburi ya kabla ya 1886. Kuyachimba kunahitaji kibali, na ukikutana na kitu cha aina hiyo kwa bahati, hata unapochimba choo, wajibu wako ni kutoa taarifa. Lakini hata sheria ingekuwa haipo ningekwambia hivyohivyo. Jonathan Walz, mwanaakiolojia aliyefanya kazi miaka mingi bonde la Pangani upande wa Korogwe na Mombo, alipata shanga za kioo na makombe ya bahari mbali kabisa na pwani, na kwa kuangalia yalilala katika tabaka gani na pamoja na vigae gani akaweza kuonyesha kwamba watu wa bara hili walikuwa wanabadilishana vitu na pwani kwa karne nyingi kabla ya misafara ya pembe za ndovu. Kombe lilelile likichomolewa na mtu mwenye sururu na kuwekwa mfukoni ni kombe tu, sawa na la ufukweni Tanga.

Basi wewe nenda kwenye hame ambalo unaweza kumtaja kwa jina aliyelala humo. La babu yako ni bora. La jirani, kwa ruhusa, si baya.

Ruhusa yenyewe ina utaratibu wake, na wengi wanaukosea kwa kuanzia ofisini. Ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji, kwa hiyo mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji ni lazima wajue, na mtu akikuona unapiga mashine kichakani pasipo wao kujua utafikiriwa mwizi au mchawi, na sijui lipi ni baya zaidi. Lakini kabla yao kuna ukoo. Nenda kwa mkubwa wa ukoo ulioishi pale, jioni, bila mashine, na kilo ya sukari. Shikamoo ikishaitikiwa na habari za mvua zikiisha, mwombe akusimulie pale palivyokuwa. Usiseme unatafuta nini. Sema unataka kupajua. Nimeona vijana wanaingia na ditekta begani wakiuliza "Mzee, Mjerumani alipita hapa?" na mzee anawajibu ndiyo, ndiyo, alipita, kwa sababu mgeni akikuuliza jambo kwa hamu hivyo si adabu kumvunja moyo. Wiki mbili baadaye wamechimba shimo la kuzika trekta.

Mkubwa wa ukoo atakwambia jambo la kwanza unalolihitaji, yaani makaburi yako wapi. Mengi hayana saruji wala jina. Ni mawe machache, au mti uliopandwa kichwani. Yakishatajwa, weka mbali nayo hatua ishirini na usiulize zaidi. Mashine ikilia karibu na rundo la mawe ambalo halikutajwa, hesabu kwamba ni kaburi hadi uambiwe si kaburi.

Ukifika penyewe, kaa chini kwanza. Tazama miti. Mwembe haujipandi wenyewe katikati ya mahali, na miembe miwili mitatu iliyopangana ni ua wa mtu. Mstari wa minyaa ulikuwa uzio. Mkonge uliosimama peke yake mbali na shamba ulikuwa mpaka, na huku Korogwe mkonge wa mpaka mara nyingi ni mbegu iliyobebwa mfukoni kutoka shamba la mzungu. Nyumba ya udongo iliyoanguka huacha kichuguu kirefu kilicholala, chenye udongo wa rangi tofauti. Nyuma yake, upande ambao upepo hautokei, utaona udongo mweusi wenye majivu na vigae. Hapo palikuwa jaani. Mtafutaji mvivu huanzia katikati ya nyumba. Mimi huanzia jaani, kisha chini ya mwembe ambapo wanaume walikuwa wakikaa kucheza bao na sarafu zikiwadondoka, kisha njia ya kisimani. Njia ya kisimani usiipuuze. Mama zetu hufunga pesa kwenye pindo la kanga, na mwanamke akiinama kuchota maji, akajitwika, akajifunga upya, fundo hulegea. Sarafu nzuri kuliko zote nilizozipata zilikuwa hatua kumi kutoka kisimani.

Kuhusu mashine nitasema machache, kwa kuwa muuzaji atakwambia mengi na nusu yake ni uongo. Udongo wetu mwekundu una chuma ndani yake. Mashine ya bei nafuu isiyoweza kuzoezwa udongo italia kila hatua mpaka uitupe. Kabla ya kununua, uliza kama inarekebishika kulingana na ardhi, na uijaribu kwenye udongo wa kwetu, usiridhike na sakafu ya duka. Ukishaipata, ipige chini na juu mahali pasipo na chuma mpaka inyamaze, ndipo uanze. Sahani yake iende sambamba na ardhi, polepole, karibu kugusa majani, na kila pigo lifunike nusu ya lililotangulia. Kwenye hame lenye misumari mingi sahani ndogo hufanya kazi kuliko kubwa. Na wale wanaokufundisha kuzima sauti ya chuma ili usikie sarafu tu, waambie wewe huko mahameni unakitafuta chuma chenyewe. Jembe, kufuli, ufunguo, mshale, kiatu cha farasi: vyote hivyo ni chuma, na vyote ungevipita.

Kina ni jambo lingine la kuelewana. Sarafu hulia ikiwa chini shubiri moja hivi, pengine zaidi kidogo ardhi ikiwa na unyevu. Anayekuuzia kifaa cha "mita tano" anakuuzia ndoto, na wale wenye vijiti viwili vya shaba vinavyojigeuza mkononi kuelekea dhahabu hawauzi hata hiyo. Mimi huenda Julai, mahindi yakishavunwa na udongo ukiwa haujakauka kabisa. Viatu viwe vya kufunika kifundo. Nyoka naye anapenda vifusi vya nyumba za zamani, na hasikiki kwenye ditekta.

Sasa vitu vyenyewe.

Sarafu ndizo zitakazokupa raha ya haraka, kwa sababu kila moja ina neno letu ndani yake. Hela ya Mjerumani, ya shaba nyekundu, yenye taji upande mmoja, ilianza 1904 pale rupia ilipogawanywa hela 100, na tangu hapo fedha zote tunaziita hela. Kabla yake rupia moja ilikuwa pesa 64, na pesa hizo za kampuni ya Kijerumani zina maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Unaweza kukuta pesa ya Zanzibar ya Sultani Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria, yenye picha ya mizani. Juu ya hizo zote, kwa wingi, utapata senti za tundu za Mwingereza, na za karibuni kabisa, zile za 1966 na kuendelea zenye mbuni na sungura. Tazama tundu za hizo senti za Mwingereza vizuri. Zikiwa zimelika upande mmoja, zilivaliwa kwenye uzi, shingoni au kiunoni mwa mtoto. Zikiwa zimebonyea kama kofia, mtu alizipigilia kwenye bati chini ya kichwa cha msumari ili mvua isipenye. Nilihesabu kumi na moja za namna hiyo kwenye hame moja. Mwenye nyumba alikuwa na senti nyingi, au alikosa raba za kuezekea; mjukuu wake anashikilia la kwanza.

Hapa ndipo nilipoahidi moyoni kutokukasirika, na najua nitashindwa. Ukipata rupia, utajiwa. Siku ya tatu haipiti kabla mtu hajafika na pikipiki kusema ana mnunuzi mkubwa Dar es Salaam, Mwarabu au Mchina, wa milioni mia. Kwanza lakini "ipimwe". Atakwambia rupia ya kweli huvuta mchele, au huzima tochi, au huvunja njiti ya kiberiti bila kuguswa, kwa kuwa ndani yake kuna zebaki. Kisha ada ya kupima, kisha ada ya mpimaji mwenyewe, kisha nauli ya mnunuzi, na wewe umeuza mbuzi wawili. Rupia ni fedha. Ina uzito wa gramu kama 11 na nusu, ina Kaizari Wilhelm aliyevaa kofia ya chuma yenye tai, na ilitengenezwa Ujerumani kwa mashine kama sarafu nyingine zote. Zebaki ni majimaji katika joto la kawaida. Haigongwi mhuri ikawa sarafu. Fedha haivuti kitu, wala sumaku haiivuti, na rupia inayonaswa na sumaku ni ya bandia. Thamani yake halisi ni ya fedha iliyomo na kidogo juu yake kwa mpenda sarafu. Ujinga huu si wetu peke yetu, kama hiyo inafariji: mwaka 2009 huko Saudi Arabia watu walinunua vyerehani vikuukuu vya Singer kwa bei za kutisha kwa uvumi kwamba ndani mna zebaki nyekundu.

Sarafu ya dhahabu ya Mjerumani ipo, nisije nikaonekana mbishi. Mwaka 1916, walipokwisha kuzingirwa, Wajerumani walitengeneza sarafu za rupia 15 kwa dhahabu kwenye karakana ya reli Tabora, zenye picha ya tembo. Zilitoka kama elfu kumi na sita tu. Mimi sijawahi kuiona ardhini, na kila niliyoonyeshwa mkononi ilikuwa ya shaba.

Turudi kwenye vitu vya watu. Vipande vya masango, yaani waya mnene wa shaba uliokuwa ukibebwa na misafara, hutokea vikiwa vimekunjwa kuwa vikuku. Kipande cha reli nyembamba kinaweza kuwa cha toroli la shamba la mkonge, au cha ile reli ndogo ya kusukuma kwa mikono ambayo Wajerumani waliitandika kutoka Mombo hadi Handeni wakati wa vita; mafundi chuma walivitumia kama fuawe, na kikiwa na makovu ya nyundo juu yake usikisugue, makovu ndiyo habari. Jembe lililolika hadi likabaki kama kijiko litakuonyesha umaskini kuliko hotuba yoyote. Maganda ya risasi yapo. Ganda nene ni la bunduki kuukuu ya Kijerumani ya mfano wa 1871, ile iliyotoa moshi mwingi hata ikamfichua mpigaji, ambayo askari wengi walikuwa nayo vita vilipoanza. Jembamba lenye ukingo kitakoni ni la Mwingereza. Nimepata moja lililozibwa kwa kijiti: lilikuwa chupa ya ugoro.

Ganda ni salama. Risasi ambayo haijafyatuliwa, au kitu chochote kizito cha mviringo chenye ncha au mkia, si salama hata kikiwa na miaka mia. Usikigonge, usikibebe kwenye boksi la pikipiki, usikipeleke kwenye mizani ya chuma chakavu. Weka alama, ondoka, mwambie mwenyekiti apige simu polisi. Hili halina majadiliano.

Kuna jambo lingine ambalo si la hatari ya namna hiyo, ila lilinifanya nikae chini kwa muda. Siku moja mashine ililia mbele ya kizingiti cha nyumba iliyokwisha anguka, sauti ndogo, ya kukatakata. Nikachimba kwa mkono. Kikatoka chungu kidogo kilichofunikwa kwa kigae, na ndani sindano za kushonea zilizoshikamana kwa kutu, ncha ya pembe ya mnyama, na senti moja. Wengine mmekwisha jua. Lilikuwa fingo, zindiko la mji, lililofukiwa na mtu ili wezi na maradhi na macho mabaya yasivuke pale. Siko hapa kukufundisha nini cha kuamini. Mimi nilifunika, nikaenda kumwambia mkubwa wa ukoo kabla ya jua kuzama, nikamweleza nilivyokigusa. Alinyamaza, kisha akauliza kitu kimoja tu, kama sindano zilikuwa saba. Sikuwa nimezihesabu. Akasema vizuri. Kesho yake walikwenda wenyewe, mimi sikuitwa, na sikuuliza. Ukikutana na kitu kilichowekwa kwa makusudi, chungu kilichofunikwa, chupa iliyosimamishwa, chuma kilichofungwa kwa ngozi, acha mkono. Kilichodondoka unaweza kukiokota. Kilichofukiwa kina mwenyewe.

Namna ya kuchimba ni fupi. Tumia sepeto dogo au panga butu, kata udongo pande tatu, uinue kama mfuniko, toa kitu, urudishe mfuniko na uukanyage. Shimo lililoachwa wazi huvunja mguu wa ng'ombe, na ng'ombe huyo ana mwenyewe anayejua wewe ndiye ulikuwa pale jana. Kabla hujakitoa kitu, kipige picha kikiwa kimelala, na simu yako ikupe nambari za mahali. Andika kwenye daftari: hame la nani, hatua ngapi kutoka mwembe upi, kina cha vidole vingapi, kimelala na nini. Kila kitu mfuko wake na karatasi yake. Inachosha. Lakini ile senti iliyobonyea kama kofia ningekuwa nimeitupa ndooni na nyingine, nisingejua kamwe kwamba zote kumi na moja zilikuwa kwenye mstari wa ukuta mmoja.

Na usioshe kwa ndimu. Najua ndimu inang'arisha. Majivu pia, na mchanga, na ile dawa ya meno wanayoshauriana vijana. Vyote vinakwangua uso wa sarafu pamoja na maandishi yake, na mpenda sarafu akiona imesuguliwa hushusha bei hapohapo. Maji safi, kitambaa, kivuli. Chuma kikishatoka ardhini kikaushe polepole na ukiweke pakavu, maana hewa hukila upesi kuliko udongo ulivyokuwa unakila. Ukishuku kwamba kitu ni cha kale kweli, chenye umri wa kulindwa na sheria, usikisogeze. Mwone afisa utamaduni wa wilaya, au wapelekee picha Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Hawatakupa milioni mia. Watakwambia ni nini.

Jioni ya siku ya kuchimba, kusanya takataka zako pia, vizibo vya soda na misumari na mabati, ukauze chuma chakavu. Mimi hununulia betri. Vingine vipeleke nyumbani kwa wenye hame, uvitandaze kwenye mkeka, uwaite wote. Usimwite babu peke yake. Hili nililijifunza mwaka jana kwenye hame la upande wa mama yangu. Nilikuwa nimepata mdomo wa taa ya chemni, ule wa shaba wenye meno ya kushikia kioo na kigurudumu cha utambi. Wajomba wakaupitisha mkononi, wakasema ni taa, wakaendelea na habari za mpira. Bibi, dada yake nyanya yangu, ambaye macho yake hayaoni vizuri siku hizi, akaomba apewe. Akazungusha kigurudumu kwa kidole gumba. Hakikuzunguka. Akauliza nimeutoa wapi, nikamwambia nyuma ya nyumba, jaani, karibu na mapapai mwitu.

"Na kioo chake?"

Nikamwambia sikukiona.

"Tazama chini ya ghala," akasema. "Nilikivunja mimi, nikakificha kule. Alipigwa kaka yangu."

Kesho yake asubuhi nilirudi na kijiti na ungo wa kuchekechea. Ditekta niliiacha nyumbani; kioo hakilii.